Uamuzi wa Serikali Hupita Wapi Kabla ya Kufika Mtaani Kwako

Tarehe 15 Julai 2021, watu waliokwenda kutoa pesa kwa mawakala wa simu kule Mbagala, Tandika na Mwenge, Dar es Salaam, walikuta makato yamepanda. Lawama zilimshukia wakala, ambaye hakuwa ameamua lolote. Tozo ya miamala, iliyoanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa, ilikuwa imepita mikono mingi kabla ya kuonekana kwenye meseji ya simu. Juni ya mwaka huo Waziri wa Fedha aliisoma hadharani bungeni Dodoma, ndani ya hotuba ya bajeti. Ikaandikwa kwenye Sheria ya Fedha ya 2021, iliyorekebisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa. Wabunge wakapiga kura, Rais akatia saini, Waziri akatunga kanuni zenye viwango, kampuni za simu zikarekebisha mitambo yao. Baada ya yote hayo ndipo wakala wa Tandika akatukanwa.

Yaliyofuata yanafundisha zaidi. Kelele zilipozidi Rais aliagiza jambo litazamwe upya, na Septemba ya mwaka huohuo viwango vikashuka kwa asilimia 30. Bunge halikuhitaji kukutana kwa hilo, maana viwango vilikuwa kwenye kanuni, na kanuni hubadilishwa na waziri. Julai 2022 kiwango cha juu kikateremshwa hadi shilingi 4,000, Oktoba ikaja nafuu nyingine iliyogusa miamala ya benki, na mwaka 2023 tozo ya kutuma pesa ikafutwa, ya kutoa ikabaki. Miaka miwili nchi nzima ilikuwa inarekebisha jambo ambalo lilikaa hadharani wiki kadhaa kabla ya kuanza, wakati bado lilikuwa rasimu na bado lilikuwa linagusika.

Naamini sehemu kubwa ya uchungu wetu na maamuzi ya serikali inatokana na hapo. Tunakutana na jambo likiwa limeshafika kwa mgambo, kwa mtendaji wa mtaa, kwa mwalimu mkuu, kwa wakala. Hao ndio wenye uwezo mdogo kuliko wote wa kulibadili. Njia ambayo uamuzi hupita ina milango, kila mlango una mwenye ufunguo wake, na mingi hufungwa kabla hatujasikia kwamba ilikuwa wazi.

Kinachokufunga na kisichokufunga

Sera ni msimamo ulioandikwa: tatizo ni hili, tunataka kufika pale, tutapita njia hii. Yenyewe haimfungi mtu. Hakuna anayepandishwa kizimbani mahakama ya Kisutu kwa kuvunja Sera ya Taifa ya Mazingira. Kinachomfunga ni sheria iliyotungwa na Bunge, pamoja na kanuni ambazo waziri hutunga kwa mamlaka aliyopewa na sheria hiyo na kuzitangaza kwenye Gazeti la Serikali. Chini yake zipo sheria ndogo za halmashauri, kama zile za ushuru wa soko na ada ya taka, ambazo madiwani huzipitisha na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huziridhia. Pembeni upo waraka, ambao ni maelekezo kwa watumishi wa serikali wenyewe. Halafu ipo kauli ya kiongozi jukwaani, na hiyo ndiyo huripotiwa kuliko vyote vilivyotangulia.

Kauli inaweza kuwa mwanzo wa sera mpya. Inaweza kuwa utekelezaji wa sheria ya miaka 20 iliyopita. Inaweza pia kuwa haina kifungu chochote cha kuisimamia. Ukisikia mkuu wa wilaya ametangaza kwamba kuanzia Jumatatu jambo fulani ni marufuku, uliza limetoka kwenye kifungu gani cha sheria gani. Swali hilo halina ukorofi wowote. Mtumishi makini analo jibu, na jibu ndilo litakalokuonyesha pa kupeleka hoja yako. Kwa kodi, Katiba yenyewe imeweka mpaka: ibara ya 138 inasema hakuna kodi itakayotozwa ila kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge.

(Kwa mambo yasiyo ya Muungano, kama afya na elimu ya msingi, Zanzibar ina wizara, sera na Baraza la Wawakilishi lake. Ninachoeleza hapa ni njia ya upande wa Bara.)

Kutoka mezani mwa wizara

Kila wizara ina idara ya sera na mipango, na kazi huanzia huko. Maofisa huandaa rasimu, hukusanya takwimu, huita wadau. Rasimu ikikomaa hugeuzwa kuwa waraka wa Baraza la Mawaziri. Kabla ya kufika kwa mawaziri, waraka hupita kwa makatibu wakuu wa wizara zote, wanaokutana chini ya Katibu Mkuu Kiongozi. Hapo ndipo wizara huvutana kwelikweli, na hapo Hazina huuliza swali lake la siku zote: fedha zitatoka wapi? Waraka ukinusurika unafika kwenye Baraza la Mawaziri, Rais akiwa mwenyekiti. Mjadala wa Baraza ni siri, na nadhani ni sawa uwe hivyo. Mawaziri wanahitaji mahali pa kupingana kabla ya kutoka na kauli moja. Nisichokubaliana nacho ni usiri huo kurudi nyuma hadi kwenye rasimu za wizara, ambazo mwananchi angeweza kuzisoma bila kudhuru chochote.

Kuhusu hao wadau, tazama wanaoitwa. Kikao cha wadau hufanyika kwenye ukumbi wa hoteli, siku ya kazi, na mwaliko huenda kwa taasisi yenye anwani, barua pepe na mtu wa kumtuma. Vyama vya waajiri wapo, mashirika wapo, washirika wa maendeleo wapo. Mama lishe wa Buguruni hana anayemwandikia barua, na akifunga biashara siku moja kwenda kusikiliza rasimu, siku hiyo hakula. Kwa hiyo sera inayomhusu huandikwa na watu wanaomjua kwa takwimu tu. Sisemi ni njama. Ndivyo mwaliko ulivyopangwa, na mwaliko unaweza kupangwa vingine.

Njia hii ni ndefu. Ardhi ni mfano ninaoupenda kwa sababu ulipitia hatua zote. Mwaka 1991 iliundwa tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, mwenyekiti akiwa Profesa Issa Shivji. Sera ya Taifa ya Ardhi ikatoka 1995, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji zikatungwa 1999, zikaanza kutumika Mei 2001. Miaka 10 kutoka swali hadi kifungu kinachofanya kazi. Wenye nyumba wa Manzese na maeneo mengine yasiyopimwa walianza kupata leseni za makazi baada ya hapo, na leseni hizo zilitokana na kifungu cha sheria hiyo ya 1999. Mpango wa kuhamia Dodoma ulichukua muda zaidi: uliamuliwa 1973, mawaziri wakaanza kuhama kwa wingi kutoka hapa Dar es Salaam baada ya agizo la 2016, na sheria ya kuitambua Dodoma kuwa makao makuu ikatungwa 2018.

Bungeni, na baada ya Bunge

Serikali ikiamua kwamba sera inahitaji sheria, waandishi wa sheria huandika muswada. Muswada hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, husomwa mara ya kwanza, kisha hupelekwa kwenye kamati ya Bunge inayohusika. Kamati hiyo huweza kuita wananchi watoe maoni, kwa mdomo au kwa maandishi. Huu ndio mlango mpana kuliko yote kwa mtu wa kawaida, na ndio unaopita kimyakimya, maana tangazo la kuita maoni mara nyingi hutoa siku chache tu. Ukishapita hapo, mjadala wa Bunge zima huweza kubadili maneno, lakini mwili wa muswada umeshajengeka.

Ikiwa Rais ametia saini hati ya dharura, hatua hizo hubanwa. Julai 2017 sheria tatu kubwa za rasilimali na madini zilipitishwa kwa namna hiyo ndani ya siku chache. Lengo la sheria zile lilikuwa na hoja nzito, lakini haraka ina gharama yake: kasoro ambayo ingeonekana kwenye kamati huonekana wakati wa kutekeleza. Muswada wa bima ya afya kwa wote ulikwenda kinyume na hapo. Ulisomwa kwa mara ya kwanza 2022, ukasitishwa, ukarudi na kupitishwa Novemba 2023. Swali lililouchelewesha lilikuwa lilelile la Hazina, nani atawalipia wasio na uwezo. Wapo waliokasirishwa na ucheleweshaji ule. Mimi naona ni heri mwaka mmoja wa kubishana kuhusu chanzo cha fedha kuliko kadi ambayo hospitali inaikataa dirishani.

Sheria ikishasainiwa, watu wengi hudhani jambo limekwisha. Hapo ndipo kanuni zinapoanza kuandikwa, na mara nyingi kanuni ndizo zenye yale yanayokugusa: kiasi cha faini, fomu ya maombi, nani amesamehewa, siku ya kuanza. Huandikwa wizarani, husainiwa na waziri. Bunge lina Kamati ya Sheria Ndogo ya kuzikagua, lakini huzikagua zikiwa tayari zinatumika. Kama una nguvu ya kufuatilia hatua moja tu ya serikali, fuatilia hii.

Chukua mifuko ya plastiki. Marufuku ya Juni 1, 2019 haikutokana na sheria mpya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilikuwapo tangu 2004, na ilikuwa imempa waziri mamlaka ya kutunga kanuni. Waziri Mkuu alitangaza bungeni Aprili, kanuni zikatoka Mei, Juni mosi Kariakoo ilikuwa na mifuko mingine mikononi. Ni moja ya sera chache nilizoziona zikibadili jiji kwa wiki chache. Ilifanikiwa kwa sababu ililenga pachache: viwanda, waagizaji, mipaka. NEMC, baraza la taifa la mazingira, haikuhitaji kumkimbiza kila mnunuzi wa nyanya Ilala. Mfuko ulipokoma kutengenezwa na kuingizwa, ulikoma kuonekana. Faini ya mtu binafsi ilianzia shilingi 30,000, ya mtengenezaji ilihesabiwa kwa mamilioni, na uzito huo ulikuwa mahali pake.

Lakini kanuni hizohizo ziliruhusu vifungashio vya bidhaa, kwa sababu huwezi kupiga marufuku nailoni ya dawa au ya chakula cha kiwandani. Ruhusa hiyo ni ya haki kabisa, na kupitia humo vikaingia vimfuko vyepesi visivyo na mshikio. Leo ukinunua bamia Mabibo unaweza kufungiwa humo. Nenda uzitazame sera nyingine za hapa nchini. Mara nyingi utakuta zinavuja kwenye msamaha, mahali ambapo mwandishi wa kanuni alijaribu kuwa mwema.

Fedha

Sera isiyo na kasma, yaani fungu lake la fedha, kwenye bajeti ni maneno. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu tunazoea kupima serikali kwa nia zake. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, na chombo kilichoianzisha kilikuwa waraka: Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, uliofuta ada na michango ya lazima kwa kutekeleza Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014. Watoto waliofurika darasa la kwanza mwaka ule waliionyesha nchi ni wangapi waliokuwa wanazuiwa na michango ile. Ni uamuzi ninaouheshimu sana.

Mahali pa michango ya wazazi pakawekwa ruzuku inayokwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 25,000 kwa wa sekondari, na sehemu yake hubakizwa kwa ajili ya vitabu. Viwango hivyo vilipangwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Piga hesabu ya shule ya msingi yenye watoto 1,000: hata ikipata yote ni milioni 10 kwa mwaka mzima, na humo kuna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, umeme na maji. Mwalimu mkuu anayeomba mzazi achangie mlinzi au ream ya karatasi amebanwa katikati ya waraka unaokataza na akaunti isiyotosha. Mzazi anamwona mkaidi. Afisa elimu anamwona mkaidi. Tofauti ile ya fedha imeachwa mezani kwake, na yeye hana mamlaka ya kuiziba.

Bunge hupitisha fedha hizi Juni, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kura ya bajeti hupigwa kwa kila mbunge kuitwa jina, na Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likiikataa. Kwa sababu hiyo, usitegemee bajeti kupinduliwa mwezi Juni. Nguvu ya kuibadili iko nyuma zaidi, kwenye vikomo vya matumizi ambavyo Hazina huipa kila wizara na halmashauri miezi mingi kabla.

Inapofika mtaani

Desemba 2018 Rais John Magufuli aligawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kupitia wakuu wa mikoa. Mmachinga mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka alilipa 20,000, akaning'iniza kitambulisho shingoni na kuambiwa asisumbuliwe. Akapanga bidhaa barazani, kwenye njia za waenda kwa miguu, juu ya mitaro. Oktoba 2021 mmachinga huyohuyo akaambiwa ahame kutoka barabarani kwenda kwenye maeneo yaliyotengwa, na Kariakoo ikasafishwa. Kila moja ya maamuzi haya lina hoja. Mwenye duka anayelipa kodi ya pango alikuwa amezibiwa mlango, na mtembea kwa miguu alikuwa amesukumwa katikati ya magari. Tatizo ni kwamba kitambulisho kilimwambia anaruhusiwa kufanya biashara bila kumwambia wapi, na agizo la pili lilimwambia wapi bila kuhakikisha mteja anapita huko. Mgambo aliyevunja kibanda alikuwa anajaza kwa rungu pengo ambalo lilipaswa kujazwa kwa karatasi.

Mwendokasi, mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, ni fundisho la aina nyingine. Awamu ya kwanza, kilomita zipatazo 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na tawi la Morocco na la Gerezani, ilianza kubeba abiria Mei 2016. Barabara ilijengwa chini ya TANROADS, wakala wa barabara, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Wakala wa DART, msimamizi wa mabasi hayo ulioanzishwa 2007, uko chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Mabasi yakaendeshwa na kampuni, UDART. Nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Karakana ikawekwa Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, na mvua kubwa zikaifurika mara kwa mara. Sasa simama kituo cha Ubungo saa moja asubuhi, basi lisije kwa dakika 40, ujiulize nani wa kuulizwa. Aliyechagua bonde? Asiyeongeza mabasi? Anayepanga nauli isiyolipa spea? Kila mmoja anaweza kukujibu kwa ukweli kabisa kwamba hilo si lake. Zege lilikuwa na mwenyewe mmoja na likakamilika. Safari yako ya kila siku iligawanywa kwa watano, na kwa maoni yangu huo ndio mzizi wa kero ya mwendokasi, kuliko ubovu wa dereva au utovu wa nidhamu wa abiria.

Baada ya utekelezaji huja ukaguzi. Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhi ripoti kwa Rais mwishoni mwa Machi, nayo huwekwa mezani bungeni Aprili. Watu husoma vichwa vya habari kuhusu mabilioni yaliyopotea na kukata tamaa, ila ripoti hizo hubadili mambo. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wajibu huo uliingizwa kwenye sheria 2018, kanuni zikatoka 2019. Ukaguzi ukaonyesha vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, na Aprili 2023 Waziri Mkuu akasimamisha mikopo. Ilirejea 2024 kwa kanuni mpya. Vikundi vya akina mama vya Temeke vilivyokuwa vinarejesha vizuri vilikosa mtaji kwa kipindi chote hicho kwa makosa ya vikundi visivyokuwapo. Ningependa kuona siku moja ukaguzi unamsimamisha aliyesaini hundi kabla ya kumsimamisha mkopaji mwaminifu.

Kwa anayetaka kuingia mapema, kalenda si ngumu. Mapendekezo ya bajeti ya mwaka unaofuata huanza kukusanywa miezi ya mwisho ya mwaka, kwenye mkutano wa mtaa ambao wengi wetu hatuendi, kisha hupanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata na baraza la madiwani mwanzoni mwa mwaka mpya. Mtaro wa mtaa wako usipoandikwa kwenye muhtasari wa mkutano ule, diwani hana cha kupeleka. Miswada huwekwa kwenye tovuti ya Bunge ikishasomwa mara ya kwanza, na maoni ya ukurasa mmoja yanayotaja kifungu kwa namba yake husomwa na makatibu wa kamati kuliko kurasa 10 za malalamiko. Kwa kanuni, andika kwa katibu mkuu wa wizara mara tu sheria inaposainiwa, uulize kanuni zinaandaliwa na idara gani na lini zitatoka. Barua ikipokelewa masjala, omba igongwe muhuri kwenye nakala yako na uitunze.